Maombolezo ya Kigiriki Masinya

Miaka ya sitini, nilipokuwa nikizurura kati ya Tororo na Busia, nilikaa chumba kimoja na mwanafunzi aliyesomea udaktari wa fasihi ya Wagiriki wa kale. Kwa miaka miwili aliandika tasnifu ya kuthibitisha kwamba maombolezo yao fulani hayawezi kumliza mtu yeyote.

Mzee mmoja akafariki kijijini Masinya, tukaenda matangani. Pale mgeni huingia uani akilia kwa sauti. Mwenzangu hakuwa na machozi, basi akapaza maombolezo yale yale kwa Kigiriki. Wanawake wakaangua kilio.

"Endelea, mwanangu!" mjane akamsihi.

Aliendelea, sasa akilia kwelikweli, maana kazi ya miaka miwili ilikuwa imeharibika.

"Huyu alimpenda sana mzee wangu," mjane akaniambia, akaagiza tuchinjiwe jogoo.

Nilimla peke yangu.