Akifumba Macho, Nanyamaza

Mimi ni mtu wa maneno mengi, na gitaa langu lilikuwa vivyo hivyo. Nilianzia kwenye bendi za hoteli za ufukweni, nikipiga ridhimu, na mwanamke anayepiga ridhimu mbele ya walevi lazima apige kwa nguvu, la sivyo watauliza nani kamshikisha gitaa. Nikiona nafasi tupu kwenye muziki, naijaza. Mume wangu alikuwa akisema mimi hata kisima ningekifukia, mradi kisikae wazi.

Yeye alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alifundisha gitaa la klasiki kwenye chuo cha sanaa, lile la nyuzi za nailoni, la kupigwa kwa kucha na ncha za vidole, bila spika na bila mwimbaji. Angegusa uzi mmoja, akaiacha sauti ife yenyewe, asiguse mwingine mpaka ule wa kwanza umenyamaza kabisa. Nilimwona mvivu. Nikaolewa naye, na bado nikamwona mvivu.

Alikuwa na kipande chake kimoja alichokitunga mwenyewe. Kifupi, chepesi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekipiga. Hakukiandika popote; alisema kitu kidogo kama kile kukiandika ni majivuno. Katikati yake pana mahali muziki unasimama. Nilimuuliza unasimama kwa muda gani, akasema, "Utajua." Haya, sikujua. Kila nilipojaribu nilirukia upande wa pili kama mtu anayevuka dimbwi, naye akicheka na kuchukua gitaa lake.

Kisha kiharusi kikampiga, kikachukua upande wote wa kulia na ulimi. Tulimlaza chumba cha mbele, penye dirisha. Dada yake alikuwa akitoka Zinga kila asubuhi kuja kunisaidia kumgeuza na kumwogesha, akiwa na mihogo kwenye kapu na lawama mdomoni.

"Wifi, mgonjwa anasomewa, hapigiwi muziki."

"Msomee wewe, wifi. Mimi sauti yangu ya kusoma unaijua."

Hilo hakulibishia. Tukaafikiana bila kukubaliana: asubuhi ilikuwa yake na Yasini, na baada ya alasiri ilikuwa yangu na gitaa. Nilitaka jambo moja tu. Nilitaka mume wangu akisikie kipande chake kikipigwa sawasawa kabla hajaondoka, maana kilikuwa kwenye mikono ya watu wawili tu duniani, na wake wa kulia ulikuwa umekufa juu ya shuka.

Alinifundisha kwa macho. Nikifika pale katikati aliyafumba, maana yake nyamaza. Akiyafumbua, endelea. Nikiwahi hata kidogo, alinikodolea mpaka nianze upya. Tuligombana sana siku zile, mimi kwa mdomo na yeye kwa kope. "Bwana wee, fumbua, uji unapoa," nilimwambia, naye akazidi kufumba, na upande mmoja wa mdomo wake ukacheka.

Basi kidogo kidogo nikaanza kusikia. Ule uzi wa mwisho kabla ya kimya ulikuwa bado unatetemeka ndani ya mbao, nikausikia mbavuni kwangu kabla haujaisha. Baada yake nikasikia mwiko wa jirani ukikwangua sufuria, halafu pumzi ya mume wangu. Miaka yote ile nilidhani anapiga sauti chache kwa sababu hana nyingi. Kumbe alizipunguza ili mtu apate kuzisikia zinavyoondoka. Nililia, na nilikuwa na hasira naye, kwamba alingoja mpaka amelala kitandani ndipo nimwelewe.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika na mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Wifi alikuwa uani akianika. Nikapiga, nikafika pale, akafumba macho, nikanyamaza. Sikuwa na haraka hata chembe. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka batini kwenye beseni, nami nikawa nayasikiliza. Nikasema moyoni, leo amenipa kimya kirefu, leo ameridhika na mimi. Nilikuwa na furaha, Mungu ananiona. Sikumtazama kifua.

Wifi aliingia na shuka mkononi, akamtazama kaka yake, akasema, "Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun." Kisha akanigeukia. "Mtu anakata roho na wewe umepakata gitaa? Hata shahada hukumtamkisha?"

Ningemwambia nini, kwamba mwenyewe aliniambia ninyamaze?

Nikakaa eda. Wifi akahamia kwangu, kwa kuwa mjane haachwi peke yake, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kulifunga gitaa ndani ya kanga na kuliweka juu ya kabati. Sikumpinga. Lakini hofu iliniingia, kwamba eda itakwisha na kile kipande kimenitoka. Kwa hiyo nikawa nakaa mkekani na nguo zangu nyeupe, mikono ndani ya upande wa kanga, vidole vikipiga juu ya paja bila sauti. Wifi akaviona vikicheza. Alidhani nahesabu tasbihi kwa vidole.

"Mungu akupokelee, wifi," akaniambia kwa upole, mara ya kwanza tangu msiba.

Nikaitikia amina. Ningeitikia nini kingine.

Eda ilipokwisha nikaoga, nikabadili nguo, na wifi mwenyewe akaliteremsha gitaa. "Chukua kitu chako," akasema. Nyuzi zilikuwa zimelegea na chumvi ya bahari imeshika vyuma vya kukazia, nikavizungusha kwa shida. Kitanda kilikuwa kimeshatolewa. Ukutani lilibaki doa la mafuta ya nazi, pale kichwa chake kilipokuwa kikiegemea. Nikakaa mahali pangu pale pale, nikaanza. Kipande kilikuwepo chote. Nikafika katikati, nikanyamaza.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. "Siku ile nilisikia uani," akasema. "Liliishia hapo hapo."

"Alifumba macho," nikamwambia. "Akifumba macho, nanyamaza. Akifumbua, naendelea. Ndivyo tulivyokuwa."

Alikaa chini mkekani taratibu, ushungi wake umemwangukia begani asiuinue. Alilitazama lile doa kwa muda.

"Sasa nani atakufumbulia?"

Vidole vyangu vilikuwa tayari juu ya nyuzi. Sauti inayofuata ni nyepesi kuliko zote, uzi mtupu, hauhitaji hata mkono wa kushoto. Mpaka leo sijaipiga.