Pumzi Nilizompulizia

Jana, nilipofungua boksi la glovu dukani kwangu hapa Newala, harufu ya mpira na ule unga mweupe ilinirudisha kwenye wodi ya watoto kule Masasi. Nilikuwa mdogo, nimepasuliwa tumbo. Kitanda cha pili alilala msichana wa rika langu kutoka Makote, naye kapasuliwa kama mimi.

Kila asubuhi alikuja mama wa mazoezi, nasi tukamwamkia shikamoo. Alitufundisha kukumbatia kanga iliyokunjwa juu ya kidonda tunapokohoa, kisha akampa kila mmoja glovu ya kupuliza mpaka vidole visimame.

"Pulizeni wenyewe, hata kama panauma," alisema. "Mapafu yakilala, makohozi yatajaa kifuani."

Nilipuliza huku machozi yananitoka. Mwenzangu alijaribu mara moja, akajishika tumbo.

"Nipulizie wewe," aliniomba. "Tutasema nimepuliza mimi."

Mama wa mazoezi alikuwa ameshakwenda kwa wagonjwa wengine, na mama zetu walikuwa nje wakifua. Nilimwonea huruma, nikampulizia siku ile, na ya pili, na ya tatu. Mama wa mazoezi alimsifu, sisi tukachekeana.

Siku ya nne homa ilimpanda, akawa anahema haraka haraka. Wakamhamishia chumba chenye oksijeni. Hakutoka mzima.

Mama yake alirudi kukusanya vitu, akanishika kichwa. "Ahsante, mwanangu. Aliniambia ulikuwa unamsaidia."

Nilifungua mdomo nimweleze. Neno lililotoka lilikuwa "pole" tu, naye akaitikia kwa upole, "Tumeshapoa."