Bwana Nyama na Joka la Malkia

Bwana nyama, afisa wa wanyamapori, hakai mbele. Jioni huingia banda la video la Biasha pale Kibiti, akafuta benchi kwa leso, akaweka kofia ya kazi gotini na kuipapasa ukingo kama vile itamtoroka. Sauti yake ni ya chini, ya mtu aliyezoea malalamiko. Tembo walipofyeka mpunga wa Biasha, alizunguka shamba, akaguna, akasema, “Pole, mama. Tembo hauawi hivi hivi. Piga madebe, zungushia kamba ya pilipili.”

Juzi, kwenye tamthilia, joka la malkia liliunguza mashamba ya wanakijiji, na malkia akalichoma mkuki kwa mkono wake. Banda likagawanyika. Wa kulia walisema katenda haki. Wa kushoto, kaliua joka alilolilea mwenyewe. Nusura washikane mashati. Mudy, wa benchi la mbele, akageuka nyuma.

“Afande, mambo ya wanyama ni yako. Wasemaje?”

Akaipapasa kofia.

“Joka haliuawi hivi hivi,” akasema taratibu. “Wangepiga madebe, wakazungushia kamba ya pilipili.”

Biasha akapunguza sauti ya televisheni. Wa kushoto wakakumbuka mpunga wake, wakainuka mmoja mmoja, wakahamia kulia.