Sare Tisa za Kiambi

Siku ya kukimbia vita Kiambi, zamu ya kufua sare za kwaya ilikuwa ya Mama Émérence. Wanawake tisa walitawanyika porini, kila mmoja na njia yake. Yeye alifika kambi ya wakimbizi ya Katanika na furushi kichwani, sare tisa za kijani, zimeshaota ukungu. Aliyekimbia na sufuria alipika. Yeye angefanya nini na nguo za watu?

Alianza na moja. Alishona mwili kwa chandarua kuukuu, akaushindilia maganda ya mahindi mpaka ukasimama kimo cha mtu, akauvika sare ya Précieuse. Kisha akadarizi uso: macho kwa uzi mweusi, kovu la nyusi kwa uzi mweupe. Mdomo hakuuweka. Mdomo ulingoja habari. Aliyekufa angepata mdomo uliofumbwa. Aliye hai, mdomo wazi, kama anayeanza wimbo.

Miaka mitatu ikapita. Wenzake wanane wa maganda walijaa hemani, naye akilala amejikunja pembeni. Wawili tu walikuwa na midomo, yote imefumbwa.

"Wageni wako hawakulake kitu, Mama," jirani yake Falone alimtania. "Una bahati."

Jovial, kijana wa kituo cha utamaduni mjini Kalemie, hakutania. Alisema hii ni sanaa, na Kalemie nzima lazima iione. Akawapeleka wanane hao ukumbini kwa kigari.

"Ila midomo, Mama. Maliza midomo mbele watu hawajafika."

"Wewe njo unajua kama wako wazima?"

Jovial akawapanga hivyohivyo.

Watu walikuja, wakasifu, wakapiga picha. Mama Émérence alisimama katikati ya wenzake na sare yake mwilini. Bibi mmoja akamgusa shavu aone kama ni kitambaa, akaomba radhi, akaenda zake. Hakuna mwingine aliyemgusa siku ile.

Alasiri akaingia Mama Éliane, muuza samaki wakavu, ambaye hupanda treni kwenda Kabalo. Akasimama mbele ya lile kovu.

"Huyu namujua. Anauzaka mihogo Kabalo, pale stesheni."

"Anaimbaka?" Mama Émérence akauliza.

"Kuimba? Ule haongeake hata na wateja."

Mama Émérence akaanza kufungua vifungo vya sare ya Précieuse.

"Usiivue, Mama," Jovial akasema. "Kazi itaharibika."

"Kazi yangu ilikuwa kufua na kurudisha."

Akaikunja sare, akamkabidhi Mama Éliane aipeleke Kabalo. Kisha akatunga uzi mwekundu na kudarizi mdomo, wazi kabisa. Haongei, lakini yupo.

Jioni kigari kiliwarudisha Katanika, mmoja akiwa uchi, maganda yakionekana ndani ya chandarua. Mama Émérence akampanga mahali pake pa zamani. Akaanzisha wimbo kwa sauti ya chini, na alipofika pale Précieuse alipozoea kudakia, akanyamaza kumpa nafasi.