Fundi Saa wa Kitanda cha Dirishani

Fundi saa alilazwa kwa ajili ya mapafu. Tangu aanzishiwe vidonge vya kutuliza uvimbe, hajafumba jicho: hupanga viatu vya wagonjwa wenzake, huwaimbia wauguzi, na mkewe akiingia hupiga makofi. "Simameni jamani, mwezi wa kumi na nne umeingia wodini!" Mkewe, aliyezoea kusalimiwa kwa kikohozi, huinamisha uso akitabasamu.

"Mama, nyumbani ndivyo alivyo?" daktari akamuuliza. "Dawa hizi huweza kumchangamsha mtu kupita kiasi. Kama si kawaida yake, tutazipunguza."

Mke akamtazama mumewe: macho mekundu, mikono ya fundi ikitetemeka, bado anamsifia kwa wodi nzima.

"Si kawaida yake," akasema. "Mpunguzieni. Ila polepole, daktari."