Mlango Uliofungwa Mchana

Katika ploti niliyokulia mtaani Kaptembwo, mlango uliofungwa mchana ulikuwa na maana moja tu: ndani kuna shida. Vyumba vyetu vya mabati vilizunguka ua mmoja wenye bomba moja, na kulipokucha kila mlango uliachwa wazi, pazia likining'inia. Ukiona umefungwa na jua limeshatoka, unagonga, unauliza, "Kuna nini humu ndani?" Huondoki mpaka ufunguliwe na umwone mwenye chumba kwa macho yako. Watu walikuja mtaani kutoka kila upande, wengine Keringet baada ya shamba la baba kugawanywa mpaka likaisha, wengine Baringo, wengine Kisii, na wote waliishika desturi hiyo kabla hawajajua majina ya majirani. Siku moja mama alijifungia alale kidogo baada ya kazi ya usiku. Aliamshwa na wanawake wa ploti wakiwa na uji mlangoni, akanuna mpaka kesho yake.

Mwaka ule watu walipofukuzana kwa sababu ya kura, milango yote ya ploti ilifungwa mchana. Mama alitoka peke yake akaigonga mmoja baada ya mwingine, ya kabila lake na isiyo ya kabila lake, akiuliza swali lile lile. Hiyo ndiyo historia ya mtaa wetu ninayoijua mimi. Wanaokuja na kamera huandika kwamba Kaptembwo ni msongamano na mitaro ya maji machafu. Mitaro ipo, sikatai. Lakini nimechoka kuelezwa habari za kwetu na watu ambao hawajawahi hata kuketi kwenye stuli ya mtu huko.

Mwenye ploti alipofariki, mwanawe anayeishi Milimani kwa matajiri aliibomoa akajenga ghorofa. Sina neno na ghorofa. Mama alipata choo chake mwenyewe na maji ndani ya nyumba, na alifurahi. Kilichonikera ni springi. Kila mlango wa chuma ulitiwa springi, ukiuachilia tu unajifunga wenyewe. Tajiri alitaka jengo lifanane na kwao, ambako mtu hujivunia geti ambalo halifunguliwi.

Mama alitafuta dawa yake. Wakati wa kubomoa aliokoa jiwe jeusi tulilokuwa tukiweka ndoo juu yake pale bombani, na sasa akalitumia kuuzuia mlango. Keateka, mtu aliyewekwa na mwenye jengo kuliangalia, alimkuta nalo.

"Mathe, hii si ploti tena. Mlango ikikaa wazi inaharibu picha ya flati."

Alilichukua jiwe, akashuka nalo akalitupa. Mama hakubishana naye. Alinisimulia kwa simu akicheka, maana mimi nilishahama, mimi nikachemka, akaniambia niache makelele.

Haukupita muda mrefu, akateleza asubuhi akavunjika nyonga, peke yake, nyuma ya mlango uliojifunga. Simu ilikuwa juu ya meza. Alishika sufuria akagonga ukuta mpaka mkono ukachoka. Ni mimi niliyemkuta, jioni, baada ya kumpigia simu kutwa bila kujibiwa. Jirani wa ukuta huo, mwanaume wa bodaboda, aliniambia mwenyewe, bila ubaya wowote, "Nilisikia, boss. Nilidhani ni mafundi wa huko juu. Hapa wanagonga siku nzima." Na mlango je? Aliuona umefungwa, akapita. Milango yote imefungwa.

Nilikuwa na hasira, na ninayo mpaka leo. Mama aliporudi kutoka hospitali nilikuja na nyundo nikaing'oa ile springi, keateka amesimama hapo.

"Boss, hiyo ni mali ya mwenyewe."

Nilimwambia amwite huyo mwenyewe aje aichukue hapa mbele ya mama, amwone jinsi anavyoenda chooni. Nilishuka nikalikuta jiwe karibu na takataka za getini, nikaliosha, nikalirudisha mlangoni pake. Mama alinielekeza pazia lilipo, nikalitundika.

Tulikaa tukingoja, mama amelala kitandani, ingawa hakuna aliyesema tunangoja nini. Watu walipita kwenye varanda. Hakuna aliyechungulia. Wengine waligeuza uso kabisa, kwa adabu. Kisha jirani wa bodaboda akarudi kula chakula cha mchana, na nyayo zake zikasimama mlangoni petu. Mama aliinua kichwa, akaweka leso vizuri mabegani. Tukasikia jiwe likiburutwa. Mlango ukafungwa taratibu.

"Mathe, ulisahau mlango wazi," akasema kutoka nje. "Nimekufungia."

"Asante, mwanangu," mama akajibu. Akalala tena, akageukia ukutani.

Ni mtu mwema yule, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Keateka ningeweza kumtukana nikalala vizuri. Niliinuka, nikafungua mlango, nikalirudisha jiwe, nikaenda mlango wa pili, kwa yule jirani. Alikuwa ameshaingia na kujifungia. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Niligonga kwa ngumi.

"Kuna nini humu ndani?"

"Hakuna kitu, boss," akajibu bila kufungua.

Kwetu hatukuwa tukiondoka kwa jibu kama hilo. Niliendelea kugonga.