Nilivyoiwamba kwa maji picha ya marehemu, Temeke enzi za Mwingereza

Wakuu, salaam. Wengi wenu humu ni wajukuu zangu, kwa hiyo shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjaziandika.

Juzi kuna mwenzetu aliuliza hapa jukwaani. Amenunua picha ya rangi iliyochorwa kwenye turubai, kapewa imeviringishwa, sasa anataka kuiwamba mwenyewe kwenye mbao. Watu wakamjibu, wengine kwa mzaha.

Mie nilisoma nikanyamaza. Halafu nikajiuliza nanyamaza ya nini. Kazi hiyo niliifanya mara moja tu maishani, na niliiharibu.

Wale wa kusema "mzee anatupa chai" wasubiri nimalize. Ni kweli tupu, na mengine ningependa yasiwe kweli.

Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni. Nilikuwa karani mdogo bandarini, kijana wa Kinyamwezi mwenye masomo ya sekondari, na siku zile ukiwa na masomo hayo ulidhani kila kitu kinakuhusu. Nilipanga chumba Temeke, nyumba ya udongo na makuti.

Chumba kilichotazamana na changu walikaa Alois na mkewe Fidelia. Wamakua wa Masasi, Wakristo. Alois alikuwa mwandika vibao: majina ya maduka, namba za malori, "Usiegemee Rangi Mbichi" na kadhalika. Mkono wake ulikuwa mzuri.

Fidelia alifariki akijifungua, na mtoto hakubaki. Tulimzika kesho yake.

Mama yake alikuwa Masasi. Habari zilichelewa kumfika, mvua zilikuwa zimekata barabara. Akatuma neno kwa mtu kwamba mvua zikiisha atashuka Lindi apande meli, aje aone kaburi. Na kama kuna picha ya mwanawe, aione. Hakuwa amemwona tangu alipoolewa.

Picha haikuwepo. Wapiga picha walikuwa mjini, na Fidelia kila mara alisema tungoje mtoto azaliwe, tupige watu watatu.

Basi Alois akamchora.

Alichukua marekani, ile nguo nyeupe nzito, akaipaka uji wa ngano ukakauka, juu yake rangi nyeupe, halafu akamchora kwa masalio ya rangi za vibao. Kitambaa alikuwa amekipigilia ukutani mwa chumba chake. Siku niliyoiona nilisimama mlangoni. Ilikuwa yeye, hata ile namna yake ya kubana midomo kama mtu anayezuia kicheko.

Hapo ndipo nilipoingia mie na masomo yangu.

Nilikuwa nimeona picha nyumbani kwa mkubwa wangu wa kazi, Mzungu. Zilikuwa zimewambwa kwenye mbao, nguo imekaza, ukigonga kwa kidole inalia.

Nikamwambia Alois, "Picha ya heshima huwambwa. Mama mtu aje akute kitambaa kimepigiliwa misumari kama pazia?"

"Pazia lina ubaya gani?"

"Mimi nimeona zilivyo kwa wenyewe."

"Haya, Karani. Uliyoyaona wewe mimi sijayaona. Fanya. Ila ujue ninaye huyo mmoja tu."

Mbao nilipata za kasha la bandarini, laini na kavu. Nikaunga pembe nne zikakaa sawa. Niseme ukweli, kipande hicho cha kazi kilikuwa kizuri.

Lakini kuwamba kwenyewe sikujua. Jirani yetu alikuwa Mzee Pazi, Mzaramo mtengeneza ngoma. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo kumwuliza kitu bila kutukanwa haikuwezekana.

"Mzee Pazi, kuwamba ngozi na kuwamba nguo ni kazi moja?"

"Nyie Wanyamwezi mlizoea kubeba mizigo vichwani, kuwamba mtajulia wapi? Kitu huwambwa kibichi. Ukikiwamba kikavu kitalegea. Lowesha, vuta, anika. Jua litamalizia."

"Nianzie wapi?"

"Popote. Ila usivutie kwako tu. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, ndiyo maana ngoma za kwenu zinalia upande mmoja."

Tukacheka. Wala simlaumu. Yeye aliulizwa swali la ngoma akajibu la ngoma, na ngoma zake zilikuwa nzuri.

Siku hiyo Alois alikuwa Mtoni, barabara ya Kilwa, anaandika kibao cha mwuza nafaka. Nikaing'oa picha ukutani, nikailaza kifudifudi juu ya mkeka, nikaweka mbao juu yake. Nikachovya tambara ndooni nikailowesha mgongo wote mpaka ikashiba maji.

Nilianzia kwenye pembe. Nikapigilia upande mmoja mzima kwa misumari midogo ya viatu, nikaingia wa pili, nikazunguka. Nilipofika upande wa mwisho nguo ilikuwa imekwenda mshazari. Nikaweka mguu kwenye mbao nikavuta kwa uzito wangu wote mpaka ikafika.

Nikaiegemeza juani, uso ukiangalia ukuta, nikaenda kucheza bao na Pazi.

Niliporudi niliigonga mgongoni kwa kidole. Ikalia, vilevile kama zile za nyumbani kwa mkubwa. Nilifurahi sana, wakuu.

Halafu nikaigeuza.

Maji yalikuwa yameulainisha uji ulioshika rangi. Marekani ambayo haijawahi kufuliwa hurudi na kupungua ikilowa, nayo ilikuwa imerudi, lakini rangi hairudi pamoja nayo. Ufa ulikuwa umetoka kwenye paji la uso mpaka shavuni. Jicho moja limepanda juu ya lingine kwa sababu ya ule mvuto wa mwisho. Na pale kwenye midomo rangi ilikuwa imebanduka kabisa, inaonekana nguo.

Pazi akaja nyuma yangu. Safari hii hakunitania. Alitazama, akakohoa, akasema, "Tuseme mvua. Makuti yanavuja, nani atabisha?"

"Mvua gani mtani, na vumbi hili?"

"Basi tuseme mbuzi."

"Nitasema mimi."

Alois alirudi jioni, mikono imejaa rangi. Nilimngoja mlangoni. Nikamwambia, "Nimeiharibu. Maji niliweka mimi, na kuvuta nimevuta mimi."

Akaingia, akaitazama. Hakunitukana. Alimimina mafuta ya taa kwenye kitambaa akaanza kujisugua vidole, kimoja kimoja, kama afanyavyo kila siku.

Nikasema, "Utachora nyingine. Marekani nitaleta, na rangi."

Alijaribu. Zilitoka picha za mwanamke mzuri wa kwenye kibao cha duka. Pua sawa, nywele sawa, lakini hakuwa mtu yeyote. Akaacha.

"Ile niliichora kabla sijaanza kusahau," akaniambia. Hayo tu. Hakuyarudia.

Mama mtu akafika. Mwanamke mwembamba, mdomo wa juu una tundu la ndonya, pambo la ujanani. Tukampeleka kaburini, akakaa huko kwa muda wake, tukarudi. Akakaa mkekani, akasema, "Nimeambiwa kuna picha."

Alois alinitazama. Nikaitoa mwenyewe, maana sikuona haki yeye aibebe.

Aliitazama bila kulia. Akanyoosha kidole.

"Mdomo uko wapi?"

"Umebanduka, mama. Nililowesha maji mimi."

"Maji ya nini?"

"Ili iwambike vizuri kwenye mbao."

"Iwambike iwe nini?"

"Itundikwe ukutani."

"Ukutani kwa nani?"

Nilikuwa sijawahi kujiuliza.

"Mimi nitamtundika mwanangu ukutani," akasema, "niwe natwanga huku ananitazama? Nilitaka nguo tu, niweke sandukuni. Siku nikimtaka namfungua, nikimaliza namfunga. Tena lori la kutoka Lindi hadi Masasi unalijua wewe? Mimi na dude hili la mbao tutakaa wapi? Litoeni."

Alois akachukua koleo, akang'oa misumari yangu yote. Mama akaipokea nguo, akaikung'uta kama anavyokung'uta kanga iliyokaa juani, na rangi nyingine ikadondoka mkekani. Kisha akaikunja. Picha ya rangi haikunjwi, huviringishwa, hata mie nilijua hilo. Nilinyanyua mkono kumzuia, nikaushusha. Mikunjo ilipita palepale penye nyufa.

Alipoondoka, Alois alibaki amechuchumaa mkekani akiokota vile vipande vya rangi kwa ncha ya kidole kilicholowa mate. Anakitazama kimoja, anakiweka pembeni. "Hiki cha kanga. Hiki cha nywele." Alikuwa anautafuta mdomo.

Nilichuchumaa nikatafuta naye. Hatukuupata.

Mwaka uliofuata alihamia Kawe, nasi tukaacha kuonana. Hakukuwa na ugomvi.

Sasa nimjibu yule mwenzetu aliyeuliza. Mkuu, wamba ikiwa kavu, kivulini. Anzia katikati ya kila upande: msumari mmoja huku, mwingine upande unaotazamana nao, halafu pande mbili zilizobaki, kisha nenda pembeni kidogo kidogo. Pembe ni mwisho. Usivute kwa mguu. Mambo hayo nimejifunza baadaye, kwa mafundi wa fremu, nilipokuwa sina cha kuwamba.

Na kama picha si yako, kabla hujaigusa muulize mwenyewe anataka kuifanyia nini. Mie sikuuliza. Niliona kitambaa ukutani nikaona aibu, na aibu ile ilikuwa yangu peke yangu. Alois alikuwa ameridhika na ukuta wake, na mama mtu alitaka nguo ya kuweka sandukuni. Mbao nilizitaka mimi.

Karibuni mchangie, hata wa kunisema mseme, nimeshazoea.

Nina swali pia kwa mafundi mliomo humu. Rangi ya mafuta ikishabanduka namna ile, vipande mnavyo mkononi, kuna njia ya kuvirudisha mahali pake? Kwangu haitasaidia kitu tena. Nataka tu kujua.